Kumi na Nane ya Sebuleni, Kumi na Nane ya Uani

Kila Julai ugomvi ni ule ule nyumbani kwa shosho. Nyumba yake ni ya mawe ya kuchonga, ya enzi ambazo watu walijenga kwa subira, si mbali na Dagoretti Corner. Sakafu ni nyekundu, imesuguliwa nta miaka mingi mpaka inang'aa; dari iko juu, madirisha ni ya vyuma na hayafungi sawasawa. Ikifika saa nne asubuhi shosho hujitanda shuka juu ya sweta, huvuta boshori mpaka ifunike masikio, hubeba kigoda na kutoka uani kuchambua maharagwe. Sisi wajukuu humfuata nyuma na kelele: shosho, nje kuna baridi, rudi ndani. Naye hujibu bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, "Baridi iko huko ndani. Mimi nimeikimbia."

Mwaka huu niliamua kumaliza ubishi kwa ushahidi. Nilipita Luthuli Avenue nikanunua kipimajoto kidogo cha betri. Nikakiacha nusu saa juu ya meza sebuleni, kikasoma 18. Nikakitundika nusu saa nyingine uani, chini ya ukingo wa paa, kikasoma 18. Nikamwendea shosho na furaha ya wakili aliyeshinda kesi.

"Shosho, angalia. Ndani 18, nje 18. Ni sawa."

Alikipokea, akakigeuza nyuma na mbele kama anayetafuta mahali bei ilipoandikwa, kisha akanirudishia.

"Hiki kina miguu?"

Watoto walicheka, mimi sikucheka. Swali lake lilikuwa sahihi kuliko kipimo changu. Kipimajoto hakina miguu. Hakina damu, wala uji tumboni wa kugeuza kuwa joto. Ukikiweka mezani, kinachofanya ni kufanana polepole na hewa inayokizunguka, kisha kinatulia na kukutajia namba. Mtu hatulii hivyo. Mtu mzima aliyeketi tu anatoa joto la takriban wati 100, sawa na zile balbu za zamani zilizotuunguza vidole, na joto hilo lazima litoke, maana ndani ya mwili panatakiwa kubaki kwenye nyuzijoto 37 au karibu yake, uwe Lodwar au Limuru. Likitoka haraka kuliko linavyotengenezwa, tunasema kuna baridi. Likikosa pa kutokea, tunasema kuna joto. Ngozi inafuatilia mtiririko huo kama mwenye duka anavyofuatilia droo ya pesa: hajali sana bei ya soko huko nje, anajali kinachotoka. Namba ya hewa ni mstari mmoja tu katika daftari hilo, na kuna siku si mstari mkubwa.

Chukua kuta. Kila kitu duniani kinatoa mnururisho wa joto usioonekana kwa macho. Ndio unaotupiga usoni tukikaa mbele ya jiko hata upepo ukivuma. Shosho akiwa sebuleni anazimulikia kuta, nazo kuta zinammulikia yeye, na mwenye joto zaidi ndiye anayetoka na hasara. Jiwe la unene wa sentimita 20 lina kumbukumbu ndefu. Saa nne asubuhi bado linakumbuka saa kumi na moja alfajiri, wakati hewa ya Dagoretti ilikuwa nyuzijoto 11. Hewa ya chumbani imeshapashwa na watu, jiko la gesi na birika la chai, lakini kuta bado ziko alfajiri. Wahandisi wa majengo wana njia ya mkato ya hesabu hii: chukua joto la hewa, chukua wastani wa joto la kuta, sakafu na dari, kisha gawanya katikati. Hewa ikiwa 18 na kuta 14, mwili unaishi katika 16, na kipimajoto mezani kinaendelea kushuhudia 18 bila hata kusema uongo.

Halafu miguu. Kanyaga sakafu ya saruji bila viatu, kisha kanyaga mkeka uliolala juu ya sakafu hiyo hiyo tangu jana. Vyote viwili vina joto moja, na unaweza kupima ukitaka. Lakini saruji inakunywa joto la wayo haraka na kulisukuma chini, wakati mkeka, uliojaa nafasi ndogo ndogo za hewa, unapokea kidogo kisha unakataa. Kinachouma si joto la sakafu, ni kasi yake ya kuiba. Ndiyo maana chuma cha mlango kinaonekana baridi kuliko ubao wa mlango ule ule, na maji ya nyuzijoto 18 ni adhabu kwa anayeoga huku hewa ya 18 ikivumilika kwa shati la mikono mirefu: maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia.

Uani hakuna kuta nne. Kuna wingu la Julai, zito, la rangi ya majivu, lakini hata wingu hilo linapitisha mwanga, na mwanga ukipokelewa na sweta ya kahawia unakuwa joto. Jua halionekani juu, kivuli hakionekani chini, na bado shosho anapokea posho. Tena hakai popote tu. Huweka kigoda upande wa ukuta wa jiko unaokinga upepo, ukuta ambao nyuma yake githeri imechemka tangu asubuhi. Mimi niliyekwenda shule nilipima hewa. Yeye alipima mahali.

Nitoke kando kidogo kwa jambo lisilo na utani. Wapo wanaoshinda baridi ya kuta kwa kuingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Makaa yakiungua bila hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, nayo hushika damu mahali pa oksijeni. Aliyelala haamshwi na chochote. Jiko likiingia, dirisha libaki wazi; na wakati wa kulala jiko litoke nje, hata kama bado lina makaa mazuri.

Kinachochekesha ni kwamba shosho anaishi mwendo mfupi kutoka mahali penyewe panapotoka namba ya Nairobi. Makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga yako Dagoretti Corner, kando ya Ngong Road, na kituo chao cha kupimia kiko hapo, mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukisikia redioni kwamba Nairobi ilikuwa na nyuzijoto 21, mara nyingi ni hapo. Joto la namna hiyo hupimwa ndani ya sanduku jeupe la mbao lenye kuta za mapengo kama madirisha ya Lamu, likiwa limesimama juu ya nyasi kwenye kimo cha kifua au uso wa mtu. Sanduku hilo linaitwa kwa jina la Thomas Stevenson, mhandisi Mskoti aliyejenga minara ya taa za meli, baba wa yule Robert Louis Stevenson ambaye hadithi yake wazee wetu waliisoma kwa Kiswahili kama Kisiwa Chenye Hazina. Weupe ni wa kufukuza jua, mapengo ni ya kupitisha hewa, na nyasi ni za kuzuia ardhi tupu isiharibu kipimo.

Yaani kwa makusudi kabisa, na kwa sababu nzuri, sanduku limeondoa kila kitu kinachomfanya binadamu ahisi anavyohisi: jua, ukuta, lami, sakafu. Wataalamu wanataka Dagoretti iweze kulinganishwa na Kisumu, Oslo na Dodoma, na leo ilinganishwe na mwaka 1970. Kwa kazi hiyo sanduku halina mpinzani. Kosa ni letu tunaposikia namba yake na kudhani imetaja hali ya chumba chetu.

Pengo hilo limepimwa hapa hapa. Mwaka 2017 kundi la watafiti lilichapisha matokeo ya vipimajoto vidogo walivyotawanya Kibera, Mathare na Mukuru. Waligundua kwamba katika mitaa hiyo joto lilizidi lile la kituo cha Dagoretti kwa nyuzi kadhaa. Kibera na Dagoretti Corner ziko kwenye barabara moja. Matatu ikikosa foleni ni dakika chache tu. Lakini kituo kiko kwenye nyasi na nafasi, na Kibera ni mabati juu ya mabati, vijia ambavyo watu wawili hawapishani bila mmoja kugeuka ubavu, na miti ya kuhesabu. Watafiti hao walipima hewa tu. Mkaaji wa chumba cha mabati ana ziada nyingine juu ya kichwa: paa ambalo saa nane mchana linammulikia kama kikaango kilichopinduliwa. Paa hilo hilo usiku ukiwa mweupe, bila wingu, linatupa joto lake angani mpaka linakuwa baridi kuliko hewa yenyewe, na mvuke wa pumzi za waliolala unagandia chini yake na kuwadondokea alfajiri. Nimelala chumba cha namna hiyo Kawangware nikiwa kijana wa kutafuta kazi. Kutokwa jasho na kutetemeka katika siku moja, kitanda kimoja, si mambo ya jangwani peke yake.

Tuseme sasa umepanda matatu kwenda mjini, ile nambari 111 inayotoka Ngong. Ngong Road inateremka polepole, na watu wa magharibi mwa jiji hupenda kusema kwamba ukivuka Kenyatta Hospital umeingia nchi nyingine. Kimo kinasaidia, lakini si sana. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 0.6 kila upandapo mita 100, na kutoka Dagoretti Corner hadi katikati ya jiji, ambako ardhi iko karibu mita 1,660, tofauti haifiki hata nyuzi moja. Kinachobaki cha hiyo "nchi nyingine" ni lami, kuta, injini na umati.

Na ndani ya matatu kuna maabara nzuri kuliko zote. Asubuhi moja ya Julai tulikuwa abiria 14, vioo vimefunga ukungu. Kituo cha Adams alipanda mama mwenye kikapu, amepandisha kilima kwa miguu kutoka upande wa Kibera, na kabla hajaketi sawasawa akavuta dirisha. Nyuma yake alikuwa kijana wa koti jembamba na viatu vya ngozi, ameketi tangu Ngong.

"Mama, tafadhali tufungie."

"Kijana wangu, humu ndani hakuna hewa."

"Baridi inaniingia mimi, mama, si wewe."

"Basi ungetembea kidogo asubuhi."

Makanga, ambaye alikuwa ananing'inia mlangoni katika baridi kuliko wote na hakulalamika, aliamua kesi kwa kusema dirisha ni la kampuni na lifunguliwe nusu.

Wote wawili walikuwa na haki. Anayepandisha kilima kwa haraka na mzigo mwili wake unatengeneza joto mara tatu au nne ya aliyeketi, na haliishi pale anapoketi; dakika kumi nzima mwili bado unatafuta pa kulitupa. Kijana alikuwa na zile wati 100 zake, na saa nzima ya kuzipoteza kupitia soksi. Hewa waliyoivuta ilikuwa moja. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, hewa ilikuwa ya nyuzijoto 10 hivi, naye alivaa fulana isiyo na mikono huku waliosimama kando wakiwa na makoti. Hakuna aliyekuwa amevaa vibaya. Na kwa faida ya yule mama, abiria 14 na dereva, kila mmoja na wati zake 100, ni sawa na kuwasha hita ya umeme ya wati 1,500 ndani ya sanduku la bati. Pole kwa kijana, lakini nusu ilikuwa hukumu ya haki.

Mwendesha bodaboda ana hesabu yake. Mwili huvaa ganda jembamba la hewa uliyoipasha wenyewe, kama nguo ya ndani isiyoonekana, na upepo unalivua. Paul Siple na Charles Passel waliopima jambo hili Antaktika miaka ya 1940 walifanya hivyo kwa kuangalia maji yanavyoganda ndani ya chupa ya plastiki iliyotundikwa kwenye upepo. Kwa kanuni inayotumika Marekani na Kanada tangu 2001, alfajiri ya nyuzijoto 10, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, uso wa mwendeshaji unapoteza joto kana kwamba hewa ni ya nyuzijoto 5. Ndiyo maana unamwona Julai amevaa koti kinyumenyume, zipu mgongoni, kipande cha katoni kifuani, mikono imezamishwa kwenye mifuko iliyofungwa kwenye usukani. Abiria wake nyuma, akikingwa na mgongo wa mwenzake, anashangaa kwa nini jamaa amejifunga kama anaenda mwezini.

Lakini kwa nini Julai, na kwa nini hapa, karibu kabisa na mstari wa Ikweta? Wakikuyu wanauita msimu huu gathano, na watu wa pwani wana kipupwe chao. Chanzo ni kimoja: upepo wa kusi. Unatoka Bahari ya Hindi na unyevu wake, unapanda mteremko mrefu kutoka pwani hadi nyanda za juu, na hewa ikipanda inapoa na unyevu unageuka wingu. Juu ya wingu hilo kuna tabaka la hewa yenye joto zaidi lililokaa kama kifuniko juu ya sufuria. Wingu halina pa kwenda. Linatulia juu ya Nairobi, chini na pana, mpaka saa nane au tisa, na kuna siku halipasuki kabisa. Wastani wa joto la mchana mwezi huo ni nyuzijoto 21 au 22, namba ambayo kwa wengi duniani ni mapumziko ya ufukweni. Kilichoondolewa ni jua. Ukipita Limuru na kushuka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, mara nyingi wingu linakatika kama kitambaa kilichopitiwa na mkasi, na watu ndani ya gari wanaanza kuvua makoti kabla kipimajoto cha dashibodi hakijajua kumetokea nini.

Binamu yangu anaishi Minnesota, ambako kipupwe chao hupita nyuzijoto 20 chini ya sifuri. Alikuja Julai mwaka juzi na masanduku ya zawadi na kaptura, na siku ya tatu alikuwa amevaa koti la shosho. Tulimcheka mpaka akakaribia kukasirika. "Kule baridi iko nje," alisema, "mkifunga mlango imebaki nje. Nyinyi mmeijengea vyumba." Ni kweli. Nyumba zetu za mawe hazina chochote cha kupasha kuta, isipokuwa zile za zamani za Karen, Lavington na Loresho zilizojengewa meko za kuni, ambazo leo wengi wanawekea maua. Wamasai waliliita eneo hili kwa maji yake baridi, Enkare Nairobi, na reli ilipofika mwaka 1899 jina likabaki. Hawakusema lolote kuhusu sebule.

Mjini, mawe yale yale yanageuka rafiki mwezi Februari. Ingia maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, saa saba mchana wakati nje ni nyuzijoto 27 au 28. Zile nguzo na kuta nene zinazomtesa shosho zinakupokea kama maji ya mtungi. Hapo nje, vita ni vya kivuli. Mtu anayefanya kazi mjini anajua bila kufundishwa upande gani wa barabara unatembelewa mwezi gani. Julai jua la adhuhuri linaegemea kaskazini, hivyo jengo la mita 20 lililo upande wa kaskazini wa barabara inayokwenda mashariki na magharibi linatupa kivuli cha mita 9 hivi mbele yake. Desemba na Januari hali inageuka, kivuli kinahamia upande wa kusini. Na katikati ya Machi, kati ya saa sita na nusu na saa saba, jua liko wima juu ya utosi. Barabara nzima haina kivuli hata cha kuku, na wachuuzi wanafungua miavuli ambayo siku nyingine ni ya mvua.

Tofauti ya upande wa jua na upande wa kivuli kwa hewa ni kitu kidogo mno, hewa inachanganyika. Kwa mwili ni kubwa. Jua la adhuhuri kwenye kimo chetu linashusha karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na lami iliyochomwa hivyo hupita nyuzijoto 50 na kuanza kukumulikia kutoka chini, hata ukiwa na kofia. Tom Mboya Street inaongeza mabodi ya matatu yaliyopangwa ubavu kwa ubavu, kila moja likipumua moto wa injini, na umati usioruhusu upepo kupita. Luke Howard aliyeichunguza hali ya hewa ya London aliandika mwanzoni mwa karne ya 19 kwamba mji una joto kuliko mashamba yanayouzunguka. Hakuwahi kuona foleni ya Accra Road. Vuka hadi Jeevanjee Gardens na ukae chini ya mti, na mambo yanabadilika ghafla, maana jani linatoa mvuke na haliwi kikaango. Wangari Maathai alipopinga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park mwaka 1989, hoja yake kubwa ilikuwa ardhi ya umma. Anayekatiza bustani hiyo kwa miguu saa saba mchana wa Februari ana hoja ya ziada.

Kisha kuna ofisi, na hapa naomba nisitaje yoyote kwa jina, hasa moja ya Upper Hill niliyoifanyia kazi miaka minne. Kiyoyozi chake kiliwekwa 21 na ufunguo wa kisanduku alikuwa nao meneja, mwanamume wa suti kamili. Wanawake wa idara ya hesabu walikuwa na shuka za Kimasai zimetundikwa nyuma ya viti mwaka mzima, Februari ikiwemo. Fanger, mtaalamu wa Denmark, alionyesha mwaka 1970 kwamba starehe ya mtu inategemea mambo sita: joto la hewa, mnururisho wa kuta na vioo, kasi ya hewa, unyevu, kazi anayofanya na nguo alizovaa. Kisanduku cha ukutani kinasoma moja. Na mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi walibainisha kwamba kipengele cha kazi ya mwili katika hesabu za majengo kilikuwa kimejengwa juu ya mwanamume wa miaka 40 mwenye kilo 70, na kwamba kinaweza kukuza joto analotengeneza mwanamke kwa hadi asilimia 35. Meneja wetu alikuwa na zaidi ya kilo 70, lakini tuache hapo.

Unyevu haujatusumbua sana katika safari hii kwa sababu Nairobi si Mombasa. Nyuzijoto 30 za Februari hapa, zikifika, jasho linakauka kabla hujalihisi, na linapokauka linabeba joto. Huko Mombasa hewa imeshiba maji, jasho halipati nafasi, linakutiririka tu mgongoni bila kufanya kazi yoyote. Lakini mwambie Mmombasa aje Julai, uone. Mwenyewe atakwambia hata kwao kusi likivuma kuna baridi, na hewa ni ya nyuzijoto 24.

Hilo nalo si uongo, ni mwili kuzoea. Jaribu jioni ya leo: beseni tatu, moja maji baridi ya bomba, moja maji moto ya kuvumilika, ya katikati vuguvugu. Mkono mmoja kwenye baridi, wa pili kwenye moto, dakika mbili, kisha yote miwili katikati. Mkono mmoja utaapa maji ni moto, wa pili utaapa ni baridi, na wote ni wako. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliutumia mfano huu karne ya 17. Ngozi inasoma mabadiliko kutoka pale ilipokuwa, tena hata kusoma kwenyewe kunaweza kudanganywa: David Julius, aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, alitumia ukali wa pilipili kugundua kipokezi cha neva kinachoamka kwenye joto la nyuzi 43 hivi. Pilipili inakibofya kipokezi hicho hicho bila moto wowote, na pipi ya mnanaa inabofya kile cha baridi. Ulimi unapiga ripoti kama ulivyoambiwa.

Niliyaeleza yote haya kwa shosho Jumamosi iliyopita, pale uani, nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa. Alisikiliza kwa heshima ambayo sikuistahili. Kama saa kumi wingu lilipasuka upande wa Ngong na jua likatushukia la mshazari, la manjano, likapiga ukuta wa jiko. Niliruka kwenda kutazama kipimajoto chini ya ukingo wa paa. Kilikuwa bado 18. Nilipogeuka shosho alikuwa amevua boshori, ameiweka juu ya ungo wa maharagwe, na anafungua vifungo vya sweta, cha juu kwanza.